Bembea ya Watu Wote

Habari nimeletewa na mnunuzi wa korosho aliyeteremka kutoka Nanyamba: yule bibi aliyewahi kushtakiwa kwa kukata nguzo ya bembea amefariki, na ameshazikwa. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba mimi huwalilia zaidi watu waliowahi kushtakiwa. Waliopewa vyeti vya sifa wana watu wao wa kuwalilia.

Nilimfahamu miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Shule nilikwisha kuiacha, nikawa mtu wa kuzurura, leo napara samaki Msimbati, kesho napakia magunia ya korosho huko bara, na palipo na mkutano sikosi. Kijijini kwake nilikuta bembea mpya. Ilijengwa kwa nguvu za wananchi, kwa siku moja, kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa anakuja kesho yake: nguzo mbili, mti wa kukingama juu, mnyororo wa trekta bovu na ubao. Saruji ilikuwepo, tusiseme uongo, lakini iliishia kwenye jukwaa la mgeni. Jukwaa lilikuwa imara ajabu. Mgeni alihutubia, akapigwa picha kando ya bembea, akaenda zake.

Siku chache baadaye mnyororo ukakatika. Mjukuu wa yule bibi, msichana wa darasa la kwanza, akaangukia kisiki ambacho hakuna aliyekumbuka kuking'oa, akavunjika mkono. Mkono ulipona ukiwa umepinda. Mnyororo nao ulitibiwa kwa kamba ya katani, na watoto wakarudi kupanga foleni. Bibi akaenda mbele ya kamati ya kijiji. Hakudai fidia. Alitaka mtu mmoja tu aseme, "Hii ni yangu, nitaitengeneza kabla hajaumia mwingine."

"Bembea ni mali ya wote, mama," mwenyekiti akamwambia.

"Basi katika hao wote, nani atatafuta mnyororo?"

"Wote."

"Leo?"

Mwenyekiti akakohoa. Katibu akamwokoa kwa kuuliza mjomba wa mtoto yuko wapi, maana kwa desturi za huku mtoto akipatwa na jambo, mjomba ndiye huulizwa. Kamati hiyohiyo ilikuwa imetuhubiria kutwa nzima kwamba mila ni ukale unaochelewesha maendeleo. Siku ile mila ilirudishwa kazini kwa heshima zote.

"Mjomba wake yuko ng'ambo ya Ruvuma," bibi akajibu. "Mnataka nimwite aje afunge mnyororo wenu?"

"Wetu sote, mama. Na wako pia."

"Na wangu pia?"

"Kabisa!"

Watu wakapiga makofi. "Haya, ndugu mwenyekiti," bibi akasema. "Nimesikia."

Kesho yake asubuhi alitoka na shoka, akaangusha nguzo moja. Ya pili hakuigusa. Alisema hiyo si sehemu yake.

Hapo ndipo nilipoona maajabu. Bembea iliyokosa mwenyewe mtoto alipovunjika, ilipata wenyewe kabla watu hawajanywa chai. Mgambo waliokuwa hawaonekani wakaonekana. Bibi akafikishwa mahakamani kwa kuharibu mali ya umma, na hakimu alipouliza mlalamikaji ni nani, kamati nzima ilisimama. Akaamriwa asimamishe nguzo mpya.

"Nimekubali, mheshimiwa. Ila nikishaisimamisha, mtoto akianguka, mtamuuliza nani?"

"Tutakuuliza wewe uliyeijenga."

Bibi akageuka, akaitazama kamati. "Mnaona? Kumbe mtu mmoja anapatikana."

Niliisimamisha naye ile nguzo. Alinichimbisha shimo mpaka kiunoni, akanitukana kila nilipopumzika, akaning'olesha na kile kisiki. Kisha akaishusha bembea mpaka miguu ya watoto ikaburuta mchangani. Watoto walilalamika sana. Hakuna niliyesikia amevunjika tena.

Tangu siku hiyo nikionyeshwa kisima kisicho na mfuniko karibu na shule, nikaambiwa ni chetu sote, siulizi tena mwenyewe ni nani. Binadamu akiumia, huwa hayupo. Mali ikiumia, hutoka mbio. Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, mwanao akiumizwa na kitu cha wote, usijisumbue kuwaonyesha jeraha. Chukua shoka, uanze na sehemu yako.