Siku Nane Bila Uso wa Mkwe

Nilikwenda Kawetele, juu kidogo ya Tukuyu, kwa sababu mume wangu hakuweza kwenda kwao. Kiwanda alichofanyia kazi pale Morogoro kilikuwa kimeuzwa kwa mtu binafsi, na wafanyakazi walikuwa wakipunguzwa. Waliokuwa likizoni ndio walioanza kukatwa. Barua ikaja kwamba baba yake hawezi tena kuinuka. Baba Subira aliisoma amesimama, akaniambia, "Mama Subira, nenda wewe. Unichoree baba." Mzee hakuwa na picha. Ile moja ya kitambulisho ililiwa na ukungu, na tangu hapo alikataa kupigwa nyingine.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na tangu chuoni nachora ukurasa mmoja kila siku kwa rangi za maji. Mvua, homa, uzazi, nachora. Mume wangu hunitania kwamba siku ya kiyama nitaomba dakika tano nimalizie kivuli. Kwa hiyo aliponiomba uso mmoja tu, niliona ni jambo dogo.

Siku ya kwanza, alfajiri, nilipanda basi. Ruaha Mbuyuni nilichora mafungu ya vitunguu huku abiria wakila. Jioni tulifika Uyole, nikalala kwa shoga yangu niliyesoma naye.

Siku ya pili, saa nne, nilishuka Tukuyu kwenye mvua. Wifi yangu Atupele alikuwa ananingoja na mwavuli wenye kijiti kimoja kilichovunjika. Tulipokaribia nyumbani akanivuta tuache njia, tukapita migombani hadi mlango wa jikoni. Nilijua kwa nini. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto humtila baba mkwe: hamtazami usoni, hakutani naye njiani, hatamki jina lake. Vijana wa Bulyaga, pale mjini Tukuyu, wameshaacha hayo, na hata kanisani wengi wanacheka tu, lakini mzee wetu hakuacha. Nilipokwenda mara ya kwanza, bado bibi harusi, nilijitambulisha mbele ya watu kwa kutaja jina lake lote. Wanawake walishika midomo. Aibu ile sijawahi kuisahau, na nilikuwa nimeapa hawatanicheka mara ya pili.

Mama mkwe alinipokea jikoni. "Ugonile, mkamwana," akasema, akanishika mikono yote miwili. "Ndaga fijo, asante sana kwa kuja. Yeye yuko chumba cha mbele. Wewe utakaa hapa na mimi."

Nikamweleza nilichotumwa. Akageuza ndizi kwenye chungu. "Nitamwambia," akasema.

Siku ya tatu, ya nne na ya tano nilichora nilichopata. Kofia yake iliyotundikwa ukutani. Fimbo. Bakuli la uji lililorudi limejaa. Mlango wa chumba chake, umefungwa. Rangi za maji hazikauki kwenye mvua za Rungwe, jamani! Nilianika kurasa juu ya jiko hadi daftari likanuka moshi. Nilimsikia akikohoa, nikamsikia akisali kwa Kinyakyusa, na kila sauti nilitamani kuipa sura.

Siku ya sita, asubuhi, nikaona nitumie macho ya wifi. "Nielezee, mimi nichore."

"Nyusi nyeupe," akasema Atupele. "Pua kama ya kaka. Shavu limeingia ndani." Nilichora, nikafuta, nikachora. Akatazama, akaangua kicheko. "Wifi, huyu ni mchungaji wetu!" Nikauchana ukurasa, tukacheka mpaka mama akatuuliza kama hatuna haya, mgonjwa yuko ndani.

Siku hiyohiyo, saa kumi, mama mkwe alitoka chumbani akasimama mbele yangu. "Mkamwana, anakuita. Anasema uingie umchore, mwanawe apate kumwona."

Nilifurahi sana, kisha woga ukanishika. Nilikuwa nimeambiwa na wanawake wa huko kwamba mkwe mwenye adabu haendi kwa wito wa kwanza. Husubiri aitwe tena, ionekane hana pupa. Nami nilitaka sana nionekane na adabu, mimi mtu wa kuja. Nikapiga goti nikasema, "Mwambie baba nashukuru sana. Mimi ni nani nimtazame? Nitaingia kesho."

"Kesho," mama akarudia, akaingia ndani.

Siku ya saba, kabla jogoo hajanyamaza, nilisikia kilio cha mama mkwe kutoka chumba cha mbele. Nilikuwa nimeshachonga penseli. Nilikaa chini na kanga yangu kichwani, nikalia kama mtoto, na katika kilio kile sikujua namlilia mzee au najililia mwenyewe. Siku hiyo sikuchora.

Siku ya nane, mchana, jeneza liliwekwa uani juu ya majani ya migomba yaliyolowa, watu wakapanga foleni kuaga. Atupele akanisukuma. "Nenda kamwone, wifi. Ni mara ya mwisho." Nikapiga hatua mbili. Mama mkwe akanishika mkono, si kwa hasira. "Alikuita akiwa na macho," akasema. "Sasa hawezi kukuruhusu." Nikarudi nyuma, nikageukia migomba mpaka walipopigilia misumari. Mwacha mila ni mtumwa, wanasema. Mimi nilikuwa mtumwa wa mila ambayo hata si yangu, na mwenyewe alikuwa ameshanifungulia.

Njia yote ya kurudi sikufungua daftari. Darasani nimewafundisha watoto miaka mingi kwamba linalowezekana leo lisingoje kesho, wakaliimba wote. Sasa nimelijifunza. Anayekuita amelala kitandani ameshapima siku zake. Kumwambia asubiri kwa ajili ya sifa yako ni kiburi kilichovaa heshima.

Morogoro, jioni, Baba Subira alipanguza mikono yake kabla ya kushika daftari. Aligeuza kofia, fimbo, bakuli, mlango. Akafika ukurasa mweupe, akarudi nyuma kuanza upya, akidhani ameruka. Nikamwambia yote, hata lile la kuitwa. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza.

"Alikuwa amekonda sana?" akauliza.

"Sijui."

"Ndevu walikuwa wakimnyoa?"

"Sijui, mume wangu."

Akanikazia macho, sauti yake imekuwa ndogo. "Siku nane, Mama Subira. Hata mara moja?"

"Hata mara moja."