Tata Alivyopanga Kupanda Marungu

Baba yangu, ambaye sisi wa Kolwezi tulimwita tata, alifanya kazi miaka ishirini na miwili katika ofisi ya michoro ya kampuni ya mgodi. Kazi yake ilikuwa kunakili ramani za mashimo. Mashimo hayo hakuyachimba wala hakuyashuka. Aliyachora kwa wino mweusi juu ya karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, na jioni alirudi nyumbani na vidole vyeusi, akijiona mtu aliyetembea sana. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeamua kutupeleka sisi sote milimani kwa gari.

Wala si vilima vya karibu. Alitaka Marungu, kule juu ya Ziwa Tanganyika, ambako kwa maelezo yake barabara hupanda mpaka mawingu yanabaki chini ya magurudumu. Njia aliijua kwa kidole: Likasi, kisha kuipanda milima ya Mitumba hadi Mitwaba, kushuka Pweto, kupanda tena Pepa, halafu kuteremka Moba kwenye maji. Ramani aliinakili ofisini, saa za kazi, akaibandika ukutani mwa chumba cha kulia, mahali ambapo nyumba nyingine zilikuwa na picha ya Bikira Maria. Kila mwinuko mkali aliutia rangi nyekundu. Hakuwahi kuona hata mmoja. Mlima pekee aliowahi kuukanyaga ulikuwa lundo la mchanga wa mabaki ya mgodi upande wa Kingamyambo, na huo nao ulikuja kwa mabomba.

Gari lilikuwa jeupe, kuukuu, na breki zake zilishika upande mmoja tu. Tata alisema breki si neno, neno ni mazoezi. Basi kila Jumapili baada ya misa alitupeleka kwenye barabara ya malori iliyoachwa nyuma ya kambi, palipokuwa na mwinuko wa maana kidogo, tukafanya mazoezi ya mlima. Kaka yangu mdogo alihesabu kona, ingawa kona ilikuwa moja. Mama alikuwa na kazi kubwa zaidi. Gari likisimama katikati ya mwinuko, tata alipaza sauti, naye alipaswa kuruka nje na kusukuma kabari ya mti nyuma ya gurudumu kabla hatujarudi kinyumenyume. Mama alikuwa mwanamke wa Bukama, humuhumu Katanga, mnene, mwenye heshima zake katika kikundi cha akina mama wa kanisa. Aliruka na kitenge chake cha Jumapili, akaweka kabari, akasimama kando akihema. Majirani walileta viti.

Mimi nilijilaza kwenye kiti cha nyuma ili nisionekane. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nasoma kwa masista, na nilikuwa na mdomo. Nilimdharau tata, na sioni haya kusema hivyo kwa sababu nilikuwa nawadharau watu wote. Niliwadharau majirani kwa viti vyao, mama kwa utii wake, na kaka yangu kwa kuhesabu moja kila Jumapili kana kwamba ni habari mpya.

Sasa lazima nieleze mambo ya konje, kwa maana bila hayo hakuna atakayeelewa. Konje ni likizo ya mwaka. Zamani za Wabelgiji, kampuni ilileta wafanyakazi kutoka mbali, babu yangu akiwa mmoja wao, kwa treni kutoka Kasai, na iliwaahidi kuwarudisha kwao kila likizo ili wasisahau walikotoka. Wabelgiji waliondoka, ahadi ikabaki katika fomu. Kwenye karatasi ya konje palikuwa na mstari mmoja: kijiji cha asili. Kadiri kijiji kilivyokuwa mbali, ndivyo ulivyopewa mafuta ya gari au tiketi zaidi. Kwa hiyo kambi nzima ilikuwa na vijiji vya mbali. Watu waliozaliwa Kolwezi, wakabatizwa Kolwezi, wakachumbia Kolwezi, waliandika kila mwaka kwa mkono wao wenyewe majina ya vijiji ambavyo hawangeweza kuvipata hata wakishikwa mkono. Kisha walichukua mafuta na kwenda kuvua samaki Lualaba. Ofisi ilijua. Ofisi nayo ilivua samaki Lualaba.

Tata alizaliwa Kolwezi. Kasai hakuwahi kukanyaga, na Kiluba cha kule alikizungumza vibaya hata bibi yangu akacheka. Lakini miaka yote aliandika kijiji cha babu, ng'ambo ya Mwene-Ditu, kwa herufi nzuri za ramani, akaweka mafuta kidogokidogo kwenye madumu kwa ajili ya Marungu. Madumu yalikuwa yakivuja na mengine yakikopwa na wajomba. Kila mwaka safari ilisogezwa mbele.

Ukafika mwaka ambao kampuni yenyewe ilikuwa inakufa. Mgodi mkubwa wa chini uliporomoka, malori yakasimama mistari mirefu bila matairi, na gunia la unga la kila mwezi likawa nusu gunia, kisha likawa ahadi. Walipokosa la kufanya, wakubwa walipata wa kulaumu. Redioni na kwenye mikutano wakasema kwamba shida za Katanga zimeletwa na watu wa Kasai, na wakatuita bilulu, yaani wadudu. Vijana ambao hawajawahi kushika spana walipita kambini wakituambia tumewaibia kazi. Wanawake waliokuwa wakiazima chumvi kwa mama walianza kuazima kwingine. Sijawahi kuona upumbavu ukitembea na kifua mbele namna ile, na kanisani Jumapili uliimba sauti ya pili pamoja nasi.

Na tata? Tata alikuwa anauliza watu kama Pepa kuna baridi. Alimtuma mama sokoni kutafuta sweta nne za mitumba. Mama akazileta, mojawapo ina picha ya kulungu, akatuvalisha kuona kama zinatosha. Tulisimama sebuleni tukitoka jasho, huku nje kikundi cha vijana kikipita na nyimbo zake.

Jumamosi moja alasiri alileta karatasi ya konje nyumbani, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Mama alikuwa kwenye kikundi chake. Tata alikaa mezani chini ya ramani yake, akaijaza yote, jina, namba ya kazi, watoto, akafika kwenye mstari ule akaweka kalamu chini. Mimi nilikuwa napiga pasi sare yangu ya shule.

"Mwaka huu mi naandika Bukama," akasema. "Kwabo na mama yenu."

Nilimuuliza kama mafuta ya kwenda Bukama yatatufikisha Marungu. Akasema hapana, Marungu tutaenda mwaka mwingine. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba ofisini watu wanasema si vizuri siku hizi kuandika Kasai, na kwamba wenzake wawili, ambao babu zao walishuka treni moja na babu yangu, tayari wameandika vijiji vya wake zao.

Jambo ambalo tata hakulijua ni kwamba shuleni nilikuwa nimejigamba. Palikuwa na msichana, mtoto wa mhandisi, aliyewahi kupanda ndege. Nilimwambia kwamba mimi nitayaona mawingu yakiwa chini yangu nikiwa nimekaa ndani ya gari la baba yangu, tena nitakula yai la kuchemsha nikiyatazama. Safari niliyoicheka Jumapili zote ndiyo niliyoitangaza Jumatatu zote. Ningerudi shuleni kusema nini? Kwamba tulifika Bukama kula samaki?

Basi niliweka pasi chini nikamwambia, "Tata, weye unaogopa karatasi. Mwanaume mwenye kujificha mu kijiji ya muke yake, atapanda mulima gani?"

Hakunipiga, wala hakunikaripia. Alinitazama kidogo kama mtu anayesoma kipimo kwenye ramani, akachukua kalamu, akaandika kijiji cha babu, wilaya na mkoa, Kasai, kwa herufi nzuri kuliko zote nilizowahi kumuona akiandika. Nilirudi kwenye pasi yangu nikiwa nimeridhika sana.

Mafuta hayakuja. Kampuni haikuwa na mafuta ya kuwasha hata mashine zake. Ilikuja orodha. Waliibandika mlangoni mwa ofisi ya wafanyakazi, majina ya wote ambao hawana tena kazi wala nyumba na wanaotakiwa kwenda kituo cha treni kungoja kurudishwa kwao. Jina la tata lilikuwamo. Majina ya wale wenzake wawili hayakuwamo.

Mama alivaa kitenge kizuri akaenda kumwona mkuu wa ofisi ile, nikamfuata. Mtu huyo alikuwa jirani yetu wa mtaa wa pili, kiti chake kilikuwa mbele kabisa siku za mazoezi ya mlima. Alitukaribisha vizuri mno. Mama alimweleza kwamba mume wake amezaliwa hapa, watoto wamezaliwa hapa, na yeye mwenyewe ni mtu wa Bukama, Mkatanga kuliko wengi wanaoimba barabarani. Alimwomba aliondoe jina. Mkuu akasema ndivyo alivyokusudia, ndiyo maana aliwapa watu wote nafasi ya kujaza upya karatasi ya konje. Akavuta droo, akatoa karatasi.

"Mama, angalia. Ni mukono yake. Bwana yako mwenyewe njo aliomba kurudia kwabo."

Mama hakujua kusoma sana, lakini mwandiko wa tata aliujua. Aliushika ukingo wa meza. Mkuu, kwa huruma ya mtu ambaye tayari anaifikiria nyumba yako itamfaa shemeji yake, akamwambia kwamba yeye anaweza kubaki na watoto, aache bwana aende peke yake, ofisi itamtafutia chumba. Mama alimuuliza kama chumba hicho kina nafasi ya baba wa watoto. Akasema hakina. Mama akasema basi asisumbuke. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, na mdomo wangu wote ule haukutoa neno. Ningeweza kusema: ni mimi. Isingebadilisha orodha, najua, lakini ningeweza kusema.

Gari lilibaki uani. Vijana walilisukuma kwa mikono wakicheka, maana halikuwa na tone la mafuta. Sweta tulizichukua.

Kituoni tulikaa majuma saba, juu ya sakafu ya simenti na baadaye chini ya turubai, maelfu ya watu wenye vijiji vya asili. Hakuna treni. Watoto walikufa kwa surua na kwa kuhara, wakazikwa upande wa pili wa reli na mapadri waliochoka. Waliotufukuza walikuja mchana kututazama, wengine walituuzia maji ya mabomba yaleyale tuliyokuwa tukiyanywa bure. Ninawadharau mpaka leo. Nimejaribu kuwasamehe, kama tunavyofundishwa, na imenishinda.

Siku ya tatu au ya nne mama alimgeukia tata, mbele yetu, akamuuliza jambo alilokuwa amelifunga kifuani tangu ofisini. Wenzako waliandika vijiji vya wake zao. Kwetu ni Bukama, kijiji unakijua, umekula huko, mahari imepokelewa huko. Nani alikutuma kuandika vile?

Mimi nilikuwa nachambua mchele nusu mita kutoka miguuni pake. Sikuinua kichwa. Nilingoja.

"Hakuna mutu," tata akasema. "Ni mi mwenyewe. Nilitaka esanse, mafuta ya kufika Marungu."

Mama hakumsemesha tena mpaka treni ilipovuka Kamina.

Kule Kasai walituita Wakatanga, wakatucheka Kiluba chetu, na tata, mnakili wa ramani, akauza karanga mbele ya nyumba ya kupanga. Mama alipona polepole kwa kusimulia. Kila mgeni aliyekuja alipata hadithi ya mwanaume aliyeuza nyumba, kazi na nchi ya mke wake kwa ajili ya kwenda kutazama mawingu. Alisimulia vizuri, na kabari na kitenge na sweta ya kulungu, watu wakashika mbavu. Tata alikaa palepale akimenya karanga zake. Na mimi nilicheka. Nilicheka miaka kumi na minane, kwa sauti, pamoja na wageni, na wakati mwingine nilimkumbusha mama sehemu aliyoisahau. Hata mara moja tata hakuinua macho kunitazama.

Alikufa mwezi wa mvua, ghafla, akiwa ameketi. Baada ya mazishi wageni walipoondoka, tulibaki wawili, mama na mimi, tukiosha vyombo. Mama alilia kidogo, kisha hasira ikamrudia. Akasema alikuwa mtu mwema lakini mjinga, na ujinga wake ndio uliotutoa kwetu, kwa nini hakuandika Bukama tu, neno moja lile, nani angemzuia.

Nilikuwa na sahani mkononi. Nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwalimu, mama wa watoto wawili. Nikasema, "Ndiyo, mama. Alikuwa mjinga." Nikaifuta sahani nikachukua nyingine.