Mpima Maji wa Kiwanda cha Betri

Tangu kiwanda kianze kusafisha sumu iliyozama ardhini, mpima maji huja kisimani kwetu. Humwaga ndoo za kwanza, kisha hujaza kichupa taratibu, kama anayemnywesha mgonjwa dawa. Sisi tulipima maji kwa ulimi. "Sumu inapungua, mzee," hunibembeleza. Leo mkamwana wangu, mjamzito, alimtania: "Basi dada, nikuchemshie chai kwa maji haya?"

Hakucheka. Alilitazama tumbo, akaleta dumu lake la maji kutoka garini. "Kuchemsha hakuondoi madini ya risasi. Haya ya kisima hamyanywi, sivyo?"

"Baba alisema yakichemka hayana neno," mkamwana alijibu, akinielekea mimi.

Mpima maji hakunitazama. Alivua glavu, akamshika mkono, akauliza polepole, "Tangu lini, mdogo wangu?"