Mashimo Matatu ya Simbo

Nilimaliza kidato cha nne, kisha nikashika vitabu vya hesabu vya kiwanda kidogo cha mawese pale Simbo kwa miaka mingi. Wenye hisa tulikuwa watu wa hapa hapa. Mmoja wao alikuwa dada yangu mkubwa wa Buzebazeba, aliyeuza shamba la michikichi la marehemu mumewe kwa sababu mimi nilimshawishi anunue hisa.

Kila mwaka fundi wa mitambo aliomba tuchimbe mashimo matatu ya kutuliza maji machafu kabla hayajaingia kijitoni. Aliyemkatalia ni mimi, wala si mkurugenzi. Mashimo yangepunguza faida, na mimi nilipenda kuisoma faida mkutanoni nikipigiwa makofi.

"Mzee, kijito kinanuka," fundi alisema siku moja mbele ya watu.

"Faida hainuki," nikamjibu. Watu walicheka. Inaniudhi hadi leo kwamba walicheka.

Mwaka jana akaja mtu kutaka kununua kiwanda. Dada alifurahi; aliyenunua shamba lake alikuwa tayari kumuuzia tena, na fedha ya hisa ingetosha.

Mnunuzi alikuwa mwanamke kijana. Aliniamkia, akapekua vitabu, akaisifu faida. Kisha akauliza, "Maji machafu yanawagharimu kiasi gani kwa mwaka?"

"Hata senti," nikasema kwa majivuno.

"Basi anayelipa ni nani?"

Akaomba tushuke kijitoni. Maji yalikuwa meusi, na akina mama walikuwa wakipita na ndoo kwenda kuchota mbali, upande wa juu wa kiwanda. Alipotuletea bei yake, alikuwa ameshakata humo gharama ya mashimo, ya kusafisha kijito na ya kisima kwa wanaoishi upande wa chini. Kilichobaki hakikufika nusu ya tulichotarajia. Kumbe ile faida niliyoisoma miaka yote, sehemu yake walikuwa wakiibeba akina mama wale kichwani.

Nilikwenda Buzebazeba mwenyewe. Dada alikuwa anachambua dagaa. Nilimweleza yote bila kumsingizia mtu.

"Mashimo matatu tu?" akauliza.

"Matatu."

"Ungeniambia, kaka. Ningekuja na jembe langu."

Akaendelea kuchambua. Fedha yake ya hisa haikutosha, na shamba limeshauzwa kwa mtu mwingine. Njia ya kwenda Simbo inapita pembeni yake, na kila nikipita, mmiliki huyo mpya huniamkia kwa adabu, nami humwitikia nikitazama chini.