Mikono ya Bi Harusi

Kabla sijaitwa mchoraji wa vitabu vya watoto, nilikuwa mchora hina. Temeke nzima, au tuseme mitaa yetu michache, hakuna bi harusi aliyetoka kwao bila kupita kwangu. Kwa hiyo mhariri mmoja wa Msasani aliponipa hadithi ya bibi na mjukuu wanaopika vitumbua, niliipokea kazi kwa kiburi. Wachoraji wengi hushindwa mikono, nilijiambia. Mimi mikono ndiyo shamba langu.

Nikachora kwa mbwembwe: vidole virefu, laini, kucha kama punje za mchele. Nikaiweka michoro status, shoga zangu wakanijazia makopa. Nikaanza hata kutembea kisanii, yaani polepole, na kuchelewa kuitika nikiitwa.

Mhariri, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, alizipanga karatasi mezani akaziinamia moja moja. Nilidhani amevutiwa.

"Dada," alisema mwishowe, "hawa watu wako wana nini? Mbona hawashiki kitu?"

Nikatazama. Ilikuwa kweli. Bibi alisimama mbele ya jiko, viganja vimekunjuliwa hewani, na upawa ukielea karibu na vidole vyake kama umeitwa na haujaamua kuja. Mjukuu alibeba ndoo bila kuigusa. Hata muuza nazi, mwanamume na ndevu zake, alinyoosha mikono mbele akisubiri ikauke.

Ndipo nilipojijua. Mikono yote niliyoichunguza maishani ilikuwa ya bi harusi mwenye hina mbichi: imetandazwa juu ya mto, haigusi kitu, mwenyewe analishwa pilau na shoga zake, akiwashwa pua anakunwa. Niliijua mikono ya wanawake siku ile moja tu ambayo haifanyi kazi. Na kwa elimu hiyo nilikuwa natembea polepole mtaani.

Mhariri hakunifokea. Alisema tu kwamba yupo kijana mwingine anayeweza kukichora kitabu, ila atanipa wiki moja nimletee picha moja, ya bibi akikuna nazi, na nazi iwe imeshikwa kweli. Nilitoka pale nimenywea. Nilikitaka kitabu kile kuliko kitu chochote, tena nilishautangazia mtaa mzima.

Mwalimu nilikuwa naye nyumbani. Mama yangu hukuna nazi karibu kila siku. Tui la pakti halitaki, anasema lina ladha ya pakti. Nikaburuta stuli yangu hadi uani, nikakaa na penseli mbele ya mbuzi yake ya kukunia.

"Mama, tulia hivyo hivyo. Usisogeze mkono."

"Nisisogeze mkono, nazi ijikune?"

"Kidogo tu, mama."

"Haya. Na wali nao ujipike."

Ikawa ndiyo kazi yetu wiki ile. Yeye anakuna, mimi nachora. Akibadilisha mkono, namlalamikia. Akiinuka kunyoosha mgongo, namwambia arudi upesi, nimefika kwenye kidole gumba. Nilifuta na kuchora mpaka karatasi zikatoboka. Polepole nikaanza kuona jinsi kiganja kinavyokikumbatia kifuu, na vidole vinavyojikunja visikutane na meno ya chuma. Kidole chake cha mwisho hakinyooki. Sikuwahi kukiona, na mkono ule umenilisha tangu sina meno.

Picha ilipokamilika niliipiga kwa simu, nikamtumia mhariri. Akajibu papo hapo: "Huyu sasa anakuna! Kitabu ni chako. Maliza mjukuu." Nilipiga vigelegele peke yangu hadi jirani akauliza nani kaposwa. Nikamkimbilia mama uani na karatasi yangu.

Alijifuta mikono kwenye khanga, akaishika picha, akaitazama sana. Nikasimama nikisubiri sifa zangu.

"Huyu bibi kachoka," alisema.

"Ndo uzuri wake huo, mama. Mhariri kaipenda."

"Hana mtu wa kumpokea?"

"Anaye mjukuu. Sijamchora bado."

"Hata mie ninaye mtu," alisema, akanirudishia karatasi na kukaa tena kwenye mbuzi. "Anachora."

Nilicheka. Kisha kicheko kikanikauka mdomoni, nikaona haya, haya ya kweli ya kutaka kujificha nyuma ya pipa la maji. Nikaiweka picha juu ya stuli.

"Inuka mama, nipishe."

Nilidhani atanifukuza, aseme nitajikata, aseme nitaharibu nazi ya watu. Mama yangu hajawahi kunipisha jikoni bila ubishi. Safari hii alishika ukuta, akainuka, akaniachia.