Seli Zangu Chini ya Hadubini

Kampuni ile changa ya pale mtaani Cheyo ilitengeneza hadubini za kutazamia seli hai zikitoa majimaji yake. Mimi, niliyeacha shule darasa la sita, ndiye niliyegundua kwamba ukiziba kingo za kioo kwa nta ya nyuki, tone la damu lililo chini yake halikauki. Mwenye kampuni, rafiki yangu, akanitoa damu na kuniahidi, "Wewe ndiye utakayetazama wa kwanza, mwanangu."

Siku yenyewe walikuja wageni kutoka Dar. Akanituma vitumbua. Niliporudi, walikuwa wakipongezana.

"Zimeshakufa, mwanga umezichoma," rafiki yangu alisema bila kunitazama. "Si utaona video?"

Niliinama nikachungulia. Seli zangu mwenyewe, zimetulia tuli. Nikabandua nta yangu kwenye kioo, nikashika barabara ya kwenda Nzega.