Viatu Tulivikagua, Wimbo Ukapita

Nilikuwa saluni kwa Mama Neema, hapa Kagongwa, nusu ya kichwa imesukwa na mwanangu ananyonya, simu ya msusi huyo ilipotoa mlio wa kinu. Kisha gitaa. Kisha mzungu akaeleza kwa Kiingereza, na changu cha sekondari kinanitosha, kwamba wimbo huo aliutunga akimkumbuka bibi yake wa Ailandi. Kwenye albamu ya kwanza alisema ni wa kina mama wa Afrika, nikanyamaza. Ya pili akasema ni wa asili, hauna mwenyewe, nikameza. Siku hiyo nilisimama. "Mama Kabula, kaa nikumalizie, utatisha watu barabarani," akasema Mama Neema. Nikamwambia watishike.

Mtu huyo namjua. Nilikuwa darasa la pili kule Mwakitolyo, kiangazi, vumbi la mawe limetukaa kooni. Bibi yangu Kabula, wajina wa mwanangu, alitwanga mawe ya dhahabu na wanawake wenzake, na yeye ndiye aliyeongoza wimbo. Mgeni alikuja na sanduku refu jeusi, akasema babu zake walitoka Ailandi, kwamba yeye huimba kwenye baa za kwao na bado hajapata jina. Nani angemwamini? Mzungu aje machimboni kutafuta nyimbo? Wachimbaji walisema sandukuni mna mashine ya kunusa dhahabu. Kila jioni walimvua viatu wakavikung'uta udongo, wakamulika tochi ndani ya gitaa. "Huyu hatoki hapa na punje," alisema mjomba Shija. Kweli, punje hakutoka nayo. Kutwa alikaa juu ya ndoo karibu na kinu, kinasa sauti mapajani, akila michembe, vile viazi vitamu vikavu, na karanga za bibi.

Kwetu mtunzi hujitaja ndani ya wimbo wake, kama mfugaji anavyomtia ng'ombe alama. Bibi alijitaja mwishoni: Kabula ng'wana Masele, yaani binti Masele. Mgeni hakujua Kisukuma, akadhani ni kiitikio. Amepanda majukwaa makubwa, amepewa tuzo, na mpaka leo anaufunga wimbo kwa jina la bibi yangu, macho kayafumba. Njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu inaishia mdomoni mwake.

Bibi siku hizi haoni vizuri, na kifua kinamkoroma. Nilipomwekea wimbo huo simuni aliuliza jambo moja tu: "Ananitaja?" Nikamjibu ndiyo. "Basi awaambie watu mimi ni nani, kabla sijafa."

Nilipopeleka malalamiko ya bibi ofisini, afisa utamaduni alinitazama kama tapeli. "Dada, nyimbo za kinu ni za wote. Ushahidi uko wapi?" Zamani tulikagua viatu vya mgeni, sasa nakagua kila anayeniambia subiri. Nilikataa kuondoka mpaka malalamiko yapokelewe na nakala yangu igongwe mhuri. Yanasema hivi, na chini yake kuna dole gumba la bibi:

"Mimi, Kabula binti Masele, mtwanga mawe wa Mwakitolyo, nalalamika kwamba mtu huyu anaimba jina langu na kusema wimbo ni wake. Nataka kila auimbapo aseme kwanza ni wangu. Shahidi wangu ni yeye mwenyewe. Msikilizeni mpaka mwisho."